Sura ya Tisa: Mikono Miwili ya Kushoto

Nianze kwa kukiri kosa. Mwisho wa sura iliyopita niliwaahidi kwamba Daktari akishaketi kwenye kochi la mzee, mambo yatakuwa yamekwisha kabla chai haijapoa. Niliandika hivyo kwa kujiamini, kama mtu anayetabiri jua huku mwavuli kauficha nyuma ya mgongo. Basi nisameheni. Chai ilipoa. Ikafanya utando. Nzi mmoja akaja kuikagua, akaona haimfai, akaenda zake. Na Daktari alikuwa bado hajasema hata nusu ya neno lililompeleka.

Kwa aliyejiunga nasi leo, habari ni hii. Yuko mwanamke wa miaka thelathini na saba, anachora ramani za nyumba kwenye ofisi ya wasanifu majengo. Wenzake wanamwita Rula, maana hakuna aliyewahi kumwona akichora mstari uliopinda. Yuko daktari wa meno, miaka arobaini, ambaye Rula anampenda na amechoka kujifanya hampendi. Na yuko baba yake Rula, ambaye zamani alikuwa mchoraji wa vitabu vya katuni. Rula alikuwa ameshajiapia jambo moja: hataolewa na mwanamume ambaye baba yake hawezi kula naye meza moja. Kwa hiyo alasiri ile, kwenye sebule ile ya ghorofa ya tatu, maisha yake yote yalikuwa yamekaa kwenye kochi, yamevaa shati la bluu, yanajibu maswali ya Shangazi.

“Kwa hiyo,” alisema Shangazi, mkono mdomoni, “una vitabu vingapi vya hawa watu wanaoruka ruka?”

“Elfu moja na mia mbili, Shangazi. Ila si wote wanaoruka. Wengine wanapita ukutani.”

“Na vitanda?”

“Samahani?”

“Vitanda, baba. Unavyo vingapi?”

“Kimoja.”

“Vitabu elfu na mia mbili, kitanda kimoja.” Shangazi alimgeukia Rula. “Mwanangu, utalala kwenye rafu.”

Rula aliinamia kikombe chake ili asicheke. Shangazi hakuwa amebandua mkono mdomoni tangu mgeni aingie. Meno mawili ya mbele yalishamuaga zamani, na alikuwa ameapa kwamba mng'oa meno hatayapata mapengo yake bure, bila miadi. Walikuwa wameketi hivi: Shangazi karibu na mlango, kama askari, Daktari katikati ya kochi, magoti pamoja, Rula pembeni, na mzee kwenye kiti chake kando ya ile meza ya kuchorea iliyoinama, ambayo siku hizi ilibeba redio na chupa za dawa. Mkono wa kulia wa mzee ulitulia mapajani chini ya gazeti. Ulitulia kwa sababu wa kushoto ulikuwa umeushikilia.

“Mimi sina ugomvi na wewe,” Shangazi aliendelea. “Una kazi, una adabu, umepanda ngazi zote hizo hujahema. Lakini miaka sita iliyopita alikuja mwingine hapa. Naye alipenda sanaa. Naye alimpenda mtoto wetu. Mapenzi, mapenzi, akaondoka na kurasa nne za kaka yangu, zile zenyewe zilizochorwa kwa wino. Mpaka leo hajarudisha kurasa, hajarudisha simu.”

“Shangazi, tafadhali,” alisema Rula.

“Nasema uongo? Na wewe, Daktari, umemjua mtoto huyu miezi minane. Miezi sita ya kwanza ulikuwa unamsalimia tu. Umejua ni binti wa nani, miezi miwili tu, umeshavaa shati jipya uko kochini. Mimi sikusoma sana, lakini hesabu ya kutoa naiweza.”

Hapo ndipo mzee aliposema kwa mara ya kwanza tangu salamu.

“Mtu mzima anakusanya katuni kwa nini?”

Rula alijua swali lile ndilo mlango wenyewe. Alimtazama Daktari kwa macho ya kumsukuma, kama mama anayemtazama mtoto jukwaani.

“Kwa sababu ya namba nne, Mzee,” alisema Daktari. “Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Dada yangu aliniletea namba nne ya *Adhuhuri*, imepita mikononi mwa watu ishirini, jalada limelegea kama jino la mtoto. Adhuhuri ananing'inia kwenye mnara wa saa. Zimebaki sekunde tisa nguvu zimwishe. Nafunua ukurasa. Hakuna! Umechanika. Nakutana na tangazo la sabuni.”

Nieleze kidogo. Adhuhuri alikuwa shujaa wa mzee, kamtunga mwenyewe: karani wa posta ambaye kila siku, saa sita kamili mchana, anapata nguvu za watu mia kwa dakika kumi na mbili. Zikiisha, anarudi kuuza stempu. Kwa nini wezi hawakusubiri mpaka saa saba ndipo waibe, hilo hakuna msomaji aliyewahi kujibiwa.

“Miaka sita,” alisema Daktari. “Miaka sita sijui ukurasa wa mwisho una nini.”

“Lakini namba tano si ilitoka?” Shangazi aliingilia. “Si ungejua tu yuko hai?”

“Ndivyo alivyosema dada yangu. Lakini Shangazi, kujua kwamba mtu alipona si sawa na kuona alivyopona. Nilikuja kuipata nzima nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi.”

Mzee alikuwa anatazama dirishani. Pembe ya mdomo wake ilicheza.

“Alidaka kamba ya bendera,” alisema.

“Bendera ikachanika,” alisema Daktari.

“Ikachanika katikati.”

“Akatua juu ya gari la matikiti!”

Mzee akacheka! Kidogo tu, kwa pua, lakini Rula alikuwa hajaisikia sauti ile mbele ya mgeni tangu yule mwizi wa kurasa nne. Akamtazama Daktari, Daktari akamtazama, na kwa muda wa pumzi moja wote wawili waliamini kwamba kazi imekwisha.

Jamani, furaha ni kitu cha hatari kwa mkusanyaji. Daktari alifungua mkoba wake. Akafuta vidole kwa kitambaa safi, kimoja kimoja, kama anayejiandaa kung'oa gego, akatoa vitabu vitatu ndani ya mifuko ya plastiki, akaviweka mezani mbele ya mzee. Namba kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini.

Rula aliweka kikombe chini. Alikuwa amemkanya Daktari kila kitu: asitaje bei, asiulize sanduku la kurasa za zamani, asikalie kiti cha mzee. Hili hakumkanya. Kumkanya kungekuwa kumwambia.

“Mzee, hizi ndizo ninazozipenda kuliko zote,” alisema Daktari, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi na mitatu. “Hapa ndipo mkono wako ulipofunguka. Kabla ya hapa, niwie radhi, ulichora vizuri sana, lakini kama mtu anayeogopa kukosea. Kuanzia kumi na nane, anayeogopa ni Adhuhuri mwenyewe. Mchoraji haogopi tena. Naomba uniandikie jina lako juu yake.”

Friji ilisikika ikinguruma jikoni.

Sasa niwaambie walichokuwa wanakijua watu wawili tu duniani. Namba zile tatu mzee hakuzichora. Mwaka ule mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, na mchapishaji angejua, angemtoa. Kwa hiyo jioni, baada ya shule, mzee alikaa kwenye kiti akasimulia: mpinde bega, mwinue kidevu, weka giza hapa. Aliyeshika brashi alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitano. Kurasa zilikwenda kiwandani na jina la baba.

“Ziondoe,” alisema mzee.

“Mzee?”

“Ziondoe mezani kwangu.” Alisimama. Gazeti lilianguka, na ule mkono ulionekana, unapapatika kama ndege aliyeshikwa. “Na ngazi ulizopandia unazijua.”

Akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Heri angeubamiza. Shangazi, kwa mshangao, alikuwa amesahau kabisa kufunika mdomo.

*

Rula alimkuta Daktari ghorofa ya pili, amesimama kwenye kona ya ngazi, mkoba kaukumbatia.

“Nimekosea wapi?” aliuliza. “Niambie. Nilisema asante, nilisema Mzee, nilikunywa chai ina sukari kama dawa ya kikohozi. Nimekosea wapi?”

“Hujakosea.”

“Nimefukuzwa, Rula! Mtu hafukuzwi kwa kutokosea.”

“Ungeleta namba nne. Si ndiyo unayoipenda?”

“Namba nne naipenda kwa sababu ilinikosa. Kumi na nane naipenda kwa sababu...” Alitafuta neno hewani. “Kwa sababu hainidanganyi.”

“Ni karatasi na wino.”

“Hata wewe ni nyama na mifupa. Mbona silali?”

Siku nyingine Rula angecheka. Leo alishuka ngazi moja, wakawa macho kwa macho, na lile alilolibeba kutoka juu likamtoka.

“Kama kusingekuwa na sanduku, ungekuja?”

“Sanduku gani?”

“Usinifanye mjinga. La bati, chini ya kitanda cha Baba. Kila mkusanyaji analijua. Kama lingeungua kesho, ungepanda ngazi hizi?”

Daktari kwanza aliufunga mkoba vizuri, na hilo lilimuuma Rula kuliko jibu lolote.

“Lingeungua,” alisema mwishowe, “ningelia. Nisikudanganye. Ningelia wiki nzima, halafu ningepanda ngazi hizi nilie kwenu, kwa sababu hakuna nyumba nyingine ambayo wangenielewa.”

Rula aligeuza uso ukutani. Rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka hapo, na yeye akaendelea kuibandua kwa ukucha.

“Siku ya kwanza ulipokuja kliniki,” Daktari alisema taratibu, “nilikulaza kwenye kiti, nikakuchoma ganzi, nikageuka kuchukua kioo. Niliporudi ulikuwa unalia. Nikasema sindano imekuuma. Lakini ganzi ilishashika, Rula. Ulikuwa unatazama ukuta.”

Ukutani mwa kliniki ile, mahali ambapo madaktari wenzake huweka picha ya jino lenye mizizi, yeye alikuwa ameweka kwenye fremu ukurasa wa kumi na moja wa namba kumi na nane.

“Ulikuwa unatazama mikono,” alisema.

“Mikono gani?”

“Unaijua. Adhuhuri amefungua kiganja hiki na hiki, anamzuia yule mtoto asiruke. Na mikono yote miwili ni ya kushoto! Gumba liko upande uleule. Watu wameibishania miaka ishirini. Kuna wanaosema ni kosa la kiwanda. Mimi nimekataa. Nimeandika kurasa kumi na nne kwenye jarida letu la wakusanyaji, nikathibitisha kwamba ni ishara: shujaa ameshapoteza upande wake wa nguvu, amebaki na upande wa moyo. Moyo uko kushoto, unaona? Nilikwenda mpaka kwa daktari wa mifupa nikamhoji.”

Rula alikuwa amegeuka. Mdomo ulikuwa unamtetemeka.

“Kurasa kumi na nne?”

“Na michoro.”

“Ukamhoji daktari wa mifupa?”

“Mara mbili.”

Hapo kicheko kikampasuka. Kilitoka tumboni, kikamkunja, kikamlazimisha ashike mkono wa ngazi. Alicheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko maneno yakapita yenyewe, kama maji yanavyopita ukishaondoa kizibo.

“Sikuwa na mkono mwingine! Nilikuwa nauangalia wangu, ndiyo nauchora! Wa kushoto niliutazama nikauchora. Nikataka kuchora wa kulia, wa kulia umeshika brashi! Nikatazama wa kushoto tena. Nina usingizi, kesho yake nina mtihani wa jiografia...”

Kiganja kilimwendea mdomoni, lakini maneno yalishapita.

Daktari alikaa kwenye ngazi. Aliutazama mkono wa kushoto wa Rula, ulioshika chuma cha ngazi, na aliutazama muda mrefu sana kwa mtu ambaye ameshaushika mara nyingi sinema. Kidole kidogo kimepinda ndani kidogo. Kifundo cha pili kina kovu. Vyote alikuwa anavijua tangu ana miaka kumi na minane.

“Ni wewe,” alisema.

“Usimwambie mtu.”

“Nimekuwa nao ukutani mwangu. Nauaga kila jioni nikizima taa.”

“Daktari, sikia. Usimwambie mtu. Itamuua.”

“Na mimi nimekaa mbele yake, nikamwambia alikuwa mwoga.” Daktari alijishika kichwa. “Nikamwomba na sahihi! Lakini Rula, uliachaje? Mtu mwenye mkono ule anaachaje, anakwenda kuchora vyoo?”

Rula alikaa ngazi moja juu yake. Sasa hakuwa anacheka.

“Kitabu kilikufa kwa sababu yangu,” alisema. “Namba ishirini ilipotoka, barua za wasomaji zilianza kuuliza ile mikono ina nini. Wiki hiyohiyo Baba alirudi kutoka kwa mchapishaji, akavua viatu, akasema basi, hakuna tena, soko limekufa. Hakuniangalia. Nikajua ni mimi. Miaka saba ya kazi yake, nimeiua kwa kidole gumba.”

“Alikwambia hivyo?”

“Hakusema.”

“Ulimuuliza?”

“Unamuulizaje mtu kama umemuua? Mstari ulionyooka haukosewi. Unaweka rula, unavuta. Basi.”

Daktari aliinua mkono, akaugusa kwa ncha za vidole ule wa kushoto, kwenye kovu, kama anayegusa karatasi ya miaka mingi.

“Nataka kurudi juu nimwombe radhi,” alisema.

“Ukiomba radhi atajua kwamba unajua.”

“Nisipoomba sitaingia tena nyumba ile. Na bila nyumba ile sikupati.”

Kweli hiyo ilikaa kati yao, haina mlango wa mbele wala wa nyuma. Ndipo kichwa cha Shangazi kilipochomoza juu kwenye kona ya ngazi.

“Nyinyi wawili,” aliita. “Mzee anawataka. Na mjue, ngazi hizi zina mwangwi kama kisima. Hata mabomba yamesikia.”

*

Sanduku la bati lilikuwa katikati ya sebule, mfuniko wazi. Chupa za dawa na redio vilikuwa vimehamishiwa sakafuni, na meza ya kuchorea ilikuwa tupu. Mzee alisimama kando yake. Mkono wa kulia aliuacha wazi utetemeke unavyotaka.

“Nani alikwambia kitabu umekiua wewe?” alimuuliza Rula, kabla hawajavuka kizingiti.

“Baba, mimi...”

“Nakuuliza, mama. Nani?”

“Mzee,” alisema Daktari, “haya ni ya kwenu. Ngoja nisubiri nje.”

“Utasubiri hapo hapo uliposimama. Umenivunjia kikombe, utabaki uone nikiokota vipande.” Mzee alivuta pumzi. “Mchapishaji hakukifunga kitabu. Alitaka namba sita zaidi. Aliniita ofisini, akanishika bega, akaniambia: ‘Mzee mwenzangu, sasa ndiyo umeanza kuchora.’ Sasa ndiyo nimeanza! Baada ya miaka saba!”

Shangazi alikaa kwenye mkono wa kochi.

“Nilitoka pale nikawa nakuchukia,” mzee alimwambia binti yake. “Damu yangu mwenyewe. Kutoka ofisi ile mpaka kituo cha basi, nilikuchukia hatua kwa hatua. Nafika nyumbani, nakukuta unaosha brashi zangu, umejipaka wino mpaka sikioni. Nikaona aibu. Nikasema soko limekufa, kwa sababu sikuweza kusema ni mimi niliyekufa. Na leo huyu bwana anakuja ananisomea maneno yaleyale, kwenye kochi langu.”

“Miaka ishirini na miwili, Baba,” alisema Rula. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikuwa laini.

“Ndiyo.”

“Nimechora vyoo mia nne.”

“Vyoo navyo ni muhimu,” alisema Shangazi.

“Shangazi!”

“Nimenyamaza.”

“Ungeniambia!” Rula alipaza sauti, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wote watatu kuisikia ikipanda kiasi kile. “Hata ungenichukia mbele yangu! Ningejua nagombana na nini. Nimekaa na kosa ambalo halikuwepo, nimelitunza kama mtoto!”

“Najua.”

“Hujui!”

“Basi sijui,” alisema mzee. “Nilidhani umesahau. Umefaulu, umepata kazi, unanyoosha mistari yako, nikasema ule ulikuwa utoto. Mtu akitaka kuamini jambo, mama, hakosi ushahidi. Nisamehe, ukiweza. Usipoweza leo, mimi siendi mahali.”

Rula alisimama akimtazama baba yake, machozi yanateremka bila kufutwa. Hasira haikuwa imeisha; hasira ya miaka ishirini na miwili haimalizwi kwa alasiri moja, na mimi sitawadanganya. Lakini kitu kingine kilikuwa kimeisha. Alikitafuta ndani yake, mahali kilipozoea kukaa, akakuta nafasi.

Mzee alimgeukia Daktari. “Na wewe, mng'oa meno. Unalitaka sanduku hili?”

“Nataka kuona kilichomo, Mzee,” alisema Daktari. “Mimi ni mkusanyaji, nikisema sitaki nitakuwa mwongo, na leo naona uongo umetosha. Ila ufunguo mpe yeye. Akininyima mpaka nizeeke, nitakuwa nimenyimwa na mwenye haki.”

Mzee alimpima kutoka viatu mpaka kola. “Huyu,” alimwambia dada yake, “ana ulimi wa hatari. Hajui kusema uongo hata wa kumfaa.”

“Ndiyo kasoro yake,” alikubali Shangazi. “Na kitanda.”

Mzee aliinama, akapekua chini kabisa ya sanduku, akatoa bahasha kubwa ya kaki. Akaimwaga juu ya meza. Zilikuwa karatasi nene za kuchorea, kama ishirini hivi. Vyumba vya picha vilikuwa vimepigwa mistari kwa mkono uliotetemeka, vimepinda kama uzio wa zamani. Vifuko vya maneno vilikuwa vimejaa maandishi. Lakini picha, hakuna. Maneno yalikuwa yanaelea kwenye weupe, hayana mdomo wa kuyasema.

“Namba ishirini na moja,” alisema mzee. “Kila mwaka naongeza ukurasa. Adhuhuri amezeeka sasa. Dakika zake zimebaki nne. Sijui anafananaje.”

Rula alikaribia, kama mtu anayesogelea mbwa ambaye hamjui kama anauma. Akasoma chumba cha kwanza. Cha pili. Akafuta uso kwa mkono wa blauzi.

“Hapa anaongea na nani?”

“Na mwanamke wa dirisha la stempu. Anamuaga. Anastaafu.”

“Amesimama?”

“Amesimama.”

“Hapana.” Rula alisogeza karatasi kwenye mwanga. “Miaka yote hiyo, amesimama dirishani akauza stempu. Siku ya mwisho hawezi kusimama upande uleule. Yuko nje, kwenye foleni, na wateja.”

Mzee aliegemea meza. “Kwenye foleni,” alirudia. “Na kivuli chake?”

“Kinaanguka mlangoni.”

“Ni saa sita mchana, mama, kivuli kitoke wapi?”

“Kipo! Kifupi, chini ya viatu. Baba, saa sita ndiyo kivuli kinakuwa cheusi kuliko wakati wote.”

“Mpeni na kiti,” alisema Shangazi, ambaye tayari alikuwa amejipenyeza katikati yao, mikono yote miwili juu ya meza na mapengo yake wazi kwa ulimwengu mzima. “Mzee wa watu kachoka.”

“Kwenye foleni hakuna kiti.”

“Basi aletewe. Kwani hao wateja hawana adabu?”

Vichwa vitatu vikainamia karatasi. Rula alikuwa ameokota penseli, hakumbuki ameitoa wapi, na alikuwa anaizungusha vidoleni bila kugusa karatasi bado. Daktari alikuwa amebaki peke yake katikati ya sebule. Alimtazama shingo ilivyoinama, sikio lilivyopata wekundu, lile sikio lililowahi kupakwa wino. Alivuta shati lake likakaa sawa. Akakohoa.

“Mzee,” alisema. “Shangazi. Kuna jambo lililonileta ambalo sijalisema. Nampenda Rula, na ninaomba ruhusa yenu nimuoe.”

“Mgongo,” Rula alikuwa anasema, “mgongo wake uwe umepinda hivi, kidogo.”

“Zaidi,” alisema baba yake. “Mpinde zaidi. Usimwonee huruma.”

Penseli ikashuka kwenye karatasi.

Daktari alisogea hatua moja, akasimama nyuma yao, karibu kabisa, akaongeza sauti.

“Mzee, naomba unikubalie nimuoe binti yako.”